Tundu la Tatu

Mpira wa bouling una matundu matatu. Niliyahesabu mara mbili nikidhani nimekosea, kisha nikaurudisha mpira kwenye rafu yake na kwenda kukaa. Matundu mawili yanakaa jirani, la kidole cha kati na la kidole cha pete. La tatu liko peke yake, pana kuliko mengine. Hilo ni la kidole gumba, na mimi mkono wangu wa kulia hauna kidole gumba.

Naandika haya polepole. Kalamu naibana kati ya kidole cha shahada na cha kati, na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo neno moja hunichukua muda kulitafuta na muda mwingine kuliandika. Lakini siku ile nataka niiandike mwenyewe.

Kidole kilibaki Tandale. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nashusha matikiti sokoni. Tikiti halibebwi moja moja kutoka kwenye lori. Watu husimama mstari, aliye juu humrushia aliye chini, naye humrushia anayefuata, mpaka tikiti lifike kwenye rundo bila kugusa ardhi. Siku hiyo kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeegemea ukingo wa lori tupu, napumzika, mtu akaufunga mlango wa nyuma bila kutazama. Sikulia. Nilishangaa tu kwamba kitu ulichozaliwa nacho kinaweza kuondoka kwa muda mfupi vile.

Kidonda kilipopona, mama mdogo alinichukua nikakae kwake Chamazi. Huko nikapata kazi ya kufyatua matofali. Tofali halihitaji kidole gumba, unalibana kwa viganja viwili na kulibeba. Na kazi ile ilinipa kitu kingine ambacho sikukitarajia. Kwetu mtu mwenye mkono mchafu hakunyimi salamu. Anakunja kiganja na kukupa kifundo cha mkono, wewe unakishika, mmesalimiana. Anayekula hufanya hivyo, anayefua hufanya hivyo, fundi mwenye grisi pia. Mie nilikuwa na saruji. Nikawapa watu wote kifundo, na hakuna aliyeuliza. Mkono wa kushoto nisingeweza kuutoa, maana kumpa mtu mkono wa kushoto ni kama kumtukana.

Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumapili nilioga, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikaenda kanisani, na mlangoni nikatoa kifundo kile kile.

"Kaka, leo Jumapili," aliniambia kijana mmoja anayechomelea mageti, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. "Au unafyatua tofali hadi kwenye maombi?"

Watu walicheka. Nami nilitabasamu, nikaurudisha mkono mfukoni. Suruali zangu zote, mfuko wa kulia umelegea kuliko wa kushoto.

Umoja wetu wa vijana kila mwaka hucheza mchezo mmoja na vijana wa kanisa rafiki la Ubungo. Wanaoshindwa huwapikia wenzao pilau. Mwaka uliotangulia tuliwaita Chamazi kucheza mpira wa miguu kwenye uwanja wetu wa vumbi, tukawafunga mpaka wakaanza kulaumiana wao kwa wao. Safari hii zamu ya kuchagua mchezo ilikuwa yao. Wakachagua bouling.

"Bouling ndiyo nini?" fundi mageti aliuliza.

"Wanaviringisha mpira, wanaangusha machupa," alijibu kijana wa kwaya, yule anayeimba besi, ambaye wote tunamwita Besi.

"Basi hao wamekwisha. Mie naangusha ukuta."

Mwenyekiti wetu ni dada mmoja, mwalimu wa sekondari, wazazi wake walihamia mjini kutoka Mbeya. Hapigi kelele. Anasema jambo mara moja na anategemea umelisikia. Jumamosi hiyo asubuhi, tukisubiri usafiri nje ya kanisa, aliniita kwa mkono, lakini aliongea mbele ya wote.

"Kaka, mwaka mzima unakuja, unakaa nyuma, unaondoka. Salamu unatupa nusu mkono. Tukipika siku za sikukuu, visu vya kumenyea vitunguu vikigawiwa, huonekani, ila sahani zikigawiwa upo. Sijui sie tumekukosea nini."

Nilitazama viatu vyake.

"Mwezi ujao naandika orodha mpya ya wanachama. Sitaki kuandika jina la mtu asiyetutaka. Leo ushiriki na wenzako. Usiposhiriki, nitajua, na nitalifuta."

Nilisema sawa. Wachezaji watano walikuwa wameshachaguliwa na mie nilikuwa wa akiba. Nilijua wa akiba hachezi. Nilipanga kupiga makofi kwa nguvu, hiyo ihesabike kuwa kushiriki. Nilisahau kwamba hata makofi ni mikono.

Ukumbi ulikuwa upande wa Kinondoni, juu ya maduka. Tulipofungua mlango nilisikia mshindo kama ule wa gari linalomwaga kokoto, nikarudi nyuma hatua moja. Wenzangu nao walirudi, ila wao walijifanya wanapisha watu. Kulikuwa na njia ndefu za mbao zinazong'aa, zimepangwa sambamba, na kila moja inaitwa leni. Mwisho wa kila leni, mbali, pini kumi nyeupe zimesimama. Si machupa, ingawa zina shingo kama chupa.

Kitu cha kwanza walitunyang'anya viatu. Dada wa kaunta aliuliza namba zetu, akavichukua viatu tulivyovaa na kutupa vingine vyenye soli laini, ambavyo vimeshavaliwa na watu hata haijulikani wangapi. Besi alivitazama kama mtu aliyepewa mswaki wa jirani.

"Mie nacheza na soksi," alisema.

"Kaka, sakafu inateleza," dada alimwonya.

"Nimekulia kwenye miteremko ya Lushoto, dada. Miguu yangu inajua."

Vijana wa Ubungo walikuwa wameshafika, na ilionekana wazi hawakuwa wageni pale. Nahodha wao, kijana mwembamba anayefanya kazi ya ukarani, alitueleza sheria harakaharaka. Mchezo una fremu kumi. Kila fremu mchezaji anarusha mara mbili. Ukiziangusha zote kumi kwa mpira wa kwanza, hiyo ni straiki, na mipira yako miwili inayofuata inaongezewa juu yake. Ukizimaliza kwa mpira wa pili, hiyo ni spea, na unaongezewa mpira mmoja. Mpira ukitumbukia kwenye mfereji wa pembeni, ni gata, umepata sifuri. Fremu ya kumi ukipiga straiki au spea, unapewa mpira wa tatu.

"Na huu mstari mweusi?" mwenyekiti aliuliza.

"Huo usiukanyage."

Fundi mageti alianza. Alichagua mpira mzito kuliko yote, akakimbia, akaurusha ukaenda hewani kabla haujatua. Ulikwenda katikati kabisa na kuipiga pini ya mbele usoni. Tukaruka juu tukishangilia. Kelele zetu zilipotulia, pini mbili zilikuwa bado zimesimama, moja kona ya kushoto na nyingine kona ya kulia, zimeachana kama meno ya bibi.

"Haiwezekani," alisema. "Nimeipiga katikati!"

"Ndiyo maana," nahodha wa Ubungo alicheka. "Hiyo inaitwa spliti. Hata uwaite mafundi wenzako, hutaziunganisha."

Kisha mashine ilishuka, ikazinyanyua zile mbili, ikafagia zilizolala na kuzirudisha zile mbili palepale. Sikuwa nimeona mashine yenye adabu kiasi kile. Baada ya muda mpira wake nao ukatokea miguuni petu kwenye rafu, umerudi wenyewe chini ya sakafu. Besi aliugusa kwa kidole kama anapima pasi.

Mwenyekiti alipiga pini nane, akageuka akiwa na furaha, na king'ora kikalia. Ubao wa matokeo ukaandika sifuri.

"Mbona wananipigia honi?"

"Umekanyaga mstari, mwalimu," Ubungo walisema wote kwa pamoja, na walilifurahia lile neno mwalimu.

Fremu ya tatu Besi alikimbia na soksi zake, akafika kwenye mstari, miguu ikaendelea bila yeye. Alianguka chali na mpira mkononi. Hakuumia sana, lakini goti lilijipinda, likaanza kuvimba na hakuweza kulikunja. Dada wa kaunta alimletea barafu, na pamoja nayo vile viatu alivyovikataa.

Mwenyekiti alinigeukia. Hakuniita. Alinitazama tu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye rafu na kuyahesabu matundu, nikarudi kukaa. Yeye bado alikuwa ananitazama. Nikasimama tena.

Ilikuwa fremu ya nne, na mpira wa kwanza nilirusha kwa mkono wa kushoto. Ulikwenda hatua chache ukaingia gata, taratibu, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mpira wa pili nikajaribu mkono wa kulia, vidole viwili ndani ya matundu mawili, kiganja kimefichwa kwa chini. Bila gumba hakuna kinachoushikilia mpira. Nilipoupeleka nyuma ulichomoka, ukaanguka sakafuni nyuma yangu kwa kishindo kilichofanya ukumbi mzima ugeuke. Mkono uliingia mfukoni wenyewe, kabla sijaamua.

"Braza, tunarusha mbele!" mmoja wa Ubungo alipiga kelele. "Sie tuko huku nyuma, hatujakukosea kitu!"

Sikucheka. Nilifikiri kwenda chooni na kutorudi. Viatu vyangu vilikuwa kaunta, na hilo ndilo lililonizuia, nasema kweli. Sikuwa na ujasiri wa kumwomba yule dada viatu.

Kwenye leni ya jirani kulikuwa na mzee wa Kihindi anayecheza peke yake. Ndevu nyeupe, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, na mpira wake mwenyewe aliokuja nao kwenye begi. Tangu tufike alikuwa akitembea hatua nne, polepole, anauachia mpira kana kwamba anamlaza mtoto, na pini zinaanguka zote. Alinipungia mkono nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu toa mkono."

Nilitoa kifundo. Hakukishika. Alinyoosha kidole kwenye kiganja changu kilichokunjwa na kusubiri, na mimi, sijui kwa nini, nikakikunjua. Pengine kwa sababu sikuwa namjua, na nisingemwona tena. Alikitazama kiganja kama mtu anayetazama msumari kujua ni wa inchi ngapi. Baadaye aliniambia ameuza misumari na rangi maisha yake yote.

"Hiki kidole," alisema akinionyesha gumba lake mwenyewe, limefungwa plasta, "ni adui. Mie miaka yote nahangaika nacho. Kinachelewa kutoka kwenye tundu, mpira unakwenda sipo. Kinatoka mapema, mpira unaanguka. Siku hizi vijana wengi hawakiingizi kabisa. Wanacheza mikono miwili."

Nilidhani ananitania ili nisijisikie vibaya. Nilishtuka kwamba mtu anaweza kusema hivyo kuhusu kidole, akiwa na vyote kumi.

"Sheria inaruhusu?"

"Sheria inasema usikanyage mstari. Kazi yako nini?"

"Matofali. Zamani nilishusha matikiti."

"Matikiti unarushaje?"

Nilimwonyesha bila kitu mikononi. Unachuchumaa kidogo, mkono wa kulia chini ya tikiti, wa kushoto ubavuni, unalipeleka nyuma pembeni mwa paja na kulileta mbele. Likitoka mkononi unalizungusha kidogo, ili lifike kwa mwenzako likiwa jepesi na lisimpige kifua.

Mzee alipiga paja lake na kusema neno moja kwa lugha yao.

"Sasa sikiliza," aliendelea. "Usitazame pini. Pini ziko mbali, zitakutisha. Unaiona mishale kwenye sakafu? Tazama wa pili kutoka kulia, pitisha mpira juu yake, basi. Huku mwanzo leni imepakwa mafuta, mpira utateleza. Kule mwisho ni kavu, mpira utashika na kukata kona. Na usiipige ile ya mbele usoni kama rafiki yako. Ingia kati yake na ya nyuma yake kulia. Pale panaitwa mfukoni."

"Mfukoni?"

"Ndiyo. Na mpira usiusukume. Uache uende."

Zamu yangu ilifika, fremu ya tano. Nilichukua mpira wa uzito wa kati, nikaingiza vidole viwili, tundu la tatu nikaliacha wazi, na mkono wa kushoto nikaulaza juu. Niligundua kitu kilichonipa nguvu kuliko maneno yote ya mzee. Mkono wa kushoto ulikuwa umeufunika wa kulia. Hakuna aliyeona kitu.

"Huyo anabeba mtungi," nilisikia mtu akisema nyuma.

Nilitazama mshale wa pili. Nilitembea, nikachuchumaa, nikarusha tikiti.

Mpira ulielekea kulia, kwenye gata. Nikasikia Ubungo wakianza kucheka. Ulipofika ukingoni kabisa ulibadili mawazo. Sina namna nyingine ya kueleza. Ulikata kona kuelekea kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake, ukaingia pale mzee aliposema, na pini zote kumi zikaanguka kwa mara moja, nyingine zikiruka na kujigonga ukutani.

Sikuruka. Nilibaki nimechuchumaa palepale. Niliogopa, kama mtu aliyegusa swichi na taa za nyumba ya jirani zikazimika. Halafu fundi mageti akapiga ukelele ambao naamini ulisikika hadi dukani chini.

Sikupiga straiki kila mara. Fremu ya sita nilipata spea, ya saba gata, ya nane straiki tena, ya tisa nikaacha pini mbili zikanishinda. Kila nikimaliza nilirudi kukaa, mkono mfukoni, na kila mtu aliyetaka kunipongeza nilimpa kifundo. Nilimwona mwenyekiti akinitazama mkono, nikadhani anahesabu ni mara ngapi nimetoa kifundo siku ya leo, siku isiyo na saruji.

Fremu ya kumi wote walimaliza, nikabaki mimi. Besi, goti juu ya kiti, alijumlisha alama za timu zote mbili kwenye simu.

"Tuko nyuma kwa pini ishirini," alisema. "Akiangusha ishirini, sare. Akizidisha, Ubungo wanapika."

"Ishirini kwa mtungi?" nahodha wao alisema. Lakini alikuwa amesimama.

Mpira wa kwanza nilijua umeenda vizuri tangu ulipoacha vidole. Straiki. Nikageuka, na fundi mageti alikuwa tayari mbele yangu, kiganja juu, kikubwa kama sahani. Naye hakungoja kifundo. Aliukamata mkono wangu wa kulia kabla haujafika mfukoni, akaugonga kiganja kwa kiganja, akaushika na kuutikisa.

Kisha akaacha kuutikisa. Hakuuachia.

Aliugeuza. Alitazama pale kidole kinapotakiwa kuwa. Na kwa kuwa sauti yake haijui kunong'ona, aliuliza mbele ya leni zote:

"Braza, kidole kiko wapi?"

Watu wote walikuwa wanautazama mkono wangu, wetu na wa Ubungo, na dada wa kaunta pia. Mwaka mzima niliulinda, na ulikuwa pale juu, mkononi mwa mtu mwingine, chini ya taa. Nilitafuta neno. Neno pekee nililolipata lilikuwa jibu la swali.

"Tandale," nilisema.

Sikukusudia kuchekesha. Ndiko kiliko. Lakini Besi alianza kucheka, akajaribu kujizuia, ikashindikana, kisha fundi mageti naye, machozi yakimtoka, bado ameushika mkono wangu, anasema "Tandale! Amekiacha Tandale!" Nilishtuka kusikia sauti nyingine ikicheka karibu sana na sikio langu. Ilikuwa yangu.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Ungesema," aliniambia taratibu.

"Ningesemaje, dada?"

Alitazama pembeni. "Nimekusema kwa watu," alisema. "Mwaka mzima. Nimewaambia unaringa."

Sikuwahi kumwona mtu mkubwa akishtushwa na maneno yake mwenyewe. Nilitaka kumwambia haidhuru, lakini nahodha wa Ubungo aliita, "Mechi bado jamani!" na mashine ilikuwa imeshapanga pini.

Mpira wa pili niliurusha haraka. Tisa zilianguka. Ilibaki moja, ile ya kona ya kulia. Jumla kumi na tisa. Nilimtazama mzee kwenye leni ya jirani. Alitikisa kichwa kwa huzuni, maana hilo hakuwa amenifundisha. Mpira wangu ulijua kukata kona kwenda kushoto tu, na pini ilikuwa kulia.

Niliurusha hata hivyo. Ulikwenda moja kwa moja kuelekea pini ile, tukasimama wote, na mwishoni kabisa ukakata kona kama ulivyozoea. Ulipita kando yake kwa nafasi ya upana wa kidole gumba. Upepo uliiyumbisha pini. Iliyumba, ikafikiri, ikasimama.

Tulishindwa kwa pini moja.

Ubungo walicheza na kuimba kuhusu pilau. Mzee wa Kihindi alikuwa anafuta mpira wake kwa kitambaa. "Pini ya kona inanikosesha usingizi hata mie," alisema. Nilimpa mkono, wote, na alipoushika alibonyeza kidogo pale penye kovu, kama muuza misumari anayeangalia kama mbao imekomaa. Kisha nikaenda kaunta kuchukua viatu vyangu.

Pilau ilipikwa Jumamosi iliyofuata nyuma ya kanisa. Nilifika mapema, na karibu na mlango wa stoo nikakuta mwenyekiti amebandika karatasi ya kazi. Niliisoma kuanzia juu, kwa kidole, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma kila kitu. Kuni: fundi mageti. Maji: vijana wawili wa kwaya. Besi: kukaa na kuangalia sufuria, kwa sababu ya goti. Nilifika katikati bila kujikuta, nikaanza kuamini kwamba amenifuta. Au amenionea huruma, na hilo lingekuwa baya zaidi.

Jina langu lilikuwa la mwisho. Vitunguu saumu, kumenya.

Nilishtuka. Hakuna kazi jikoni inayotaka kidole gumba kama kumenya vitunguu saumu. Nilisimama pale, karatasi mbele ya uso wangu, nisijue kama amesahau au amekusudia. Mwenyekiti alitokea na beseni limejaa, akaliweka chini, na kisu juu yake. Alininyooshea mkono wa salamu, kiganja wazi. Kiganja changu kilianza kujikunja kwa mazoea, nikakizuia. Nikampa mkono. Aliushika kama mikono yote.

"Saumu ni nyingi," alisema, "na watu wa Ubungo wanafika saa sita. Usichelewe."

Nilikaa kwenye stuli. Nilibana punje ya kwanza kati ya kidole cha shahada na cha kati, kama kalamu, nikaanza kumenya. Ilichukua muda mrefu. Fundi mageti alipita na mzigo wa kuni, akasimama kunitazama, akasema kwa kasi ile tutakula Krismasi. Nikamwambia alete kisu akae. Akakaa.